Gang of Four na EMI: kulisema soko ukiwa ndani yake

Ni bendi chache za Uingereza zilizoandamwa na shtaka la unafiki mapema kama Gang of Four. Walikuwa vijana wanne wa Leeds waliojitwalia jina la kundi la viongozi wa China waliokamatwa mwaka 1976 baada ya kifo cha Mao, wakaimba jinsi biashara inavyopenya hadi chumbani na mezani kwa watu. Kisha, kabla hawajatoa hata albamu moja, wakatia saini mkataba na EMI, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kurekodi duniani, ambayo mbali na santuri ilikuwa na mkono katika elektroniki za kijeshi. Tangu hapo, kila anayeandika historia ya muziki uliozaliwa mara baada ya vurumai ya panki, ule muziki wa uasi wa vijana wa miaka ya sabini, hulazimika kulijibu swali lile lile: je, walijiuza? Kwa maoni yangu shtaka hilo lina msingi, ila limeelekezwa kwenye mwaka usio wake.

Mazingira yaliyowalea yanaeleza kwa nini watu waliwadai msimamo mkali kiasi hicho. Mwimbaji Jon King na mpiga gitaa Andy Gill walisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Leeds, katika idara iliyoongozwa na T. J. Clark, mwanahistoria aliyeichambua michoro kwa kuuliza ni nani aliyeilipia na ni nani aliyefaidika nayo. Nje ya chuo, National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, kilikuwa kikitafuta wafuasi mitaani, na bendi za mji huo zilisimama upande wa Rock Against Racism, kampeni ya wanamuziki dhidi ya ubaguzi huo. Hugo Burnham alipiga ngoma na Dave Allen akashika besi. Muziki wao ulikuwa mkavu kwa makusudi: gitaa la Gill halikupamba wala kubembeleza, lilikata na kunyamaza, na mara nyingi msikilizaji alipotarajia solo alipewa ukimya, huku besi na ngoma zikiendelea kumchezesha. Nyimbo za albamu ya kwanza zilisajiliwa kwa majina ya wote wanne, jambo ambalo wasomaji wa mikataba ya muziki watajua kwamba si dogo hata kidogo, maana mirabaha ya utunzi huenda kwa waliosajiliwa.

Rekodi yao ya kwanza, santuri ndogo iitwayo Damaged Goods, ilitolewa mwaka 1978 na Fast Product, lebo changa (kampuni ndogo ya kurekodi) ya Bob Last mjini Edinburgh. Bendi ilimwandikia Last barua ikieleza picha inayotaka kwenye jalada: mpambanaji na fahali wa mchezo wa Kihispania, naye mpambanaji anamwambia mwenzake kwamba wote wawili wamo katika biashara ya burudani, hivyo hawana budi kuwapa watazamaji wanachokitaka. Fahali anajibu kwamba ifike wakati mtu awajibike kwa matendo yake. Last aliichapisha barua yenyewe nyuma ya jalada. Kwa hiyo walipokwenda EMI, mwendesha mashtaka hakuhitaji kutafuta ushahidi mbali, kwa kuwa washtakiwa walikuwa wamekwisha kuuandika na kuuza.

Upande wa mashtaka una hoja nzito kuliko kelele za usaliti zilizozoeleka. Wakati huo njia nyingine ilikuwa inajengwa. Rough Trade ya London ilikuwa duka, kisha ikawa lebo na kiini cha mtandao wa usambazaji usiotegemea kampuni kubwa. Delta 5, bendi nyingine ya Leeds na marafiki wa karibu wa Gang of Four, ilitoa rekodi zake za kwanza huko. Scritti Politti, ambao mizizi yao ilikuwa kwa wanafunzi wa sanaa wa mji huo huo, walijitolea wenyewe santuri yao ya kwanza mwaka 1978 na kuorodhesha kwenye jalada gharama za kuitengeneza, ili yeyote mwenye akiba kidogo ajue kwamba naye anaweza. Hapo siasa haikuwa katika maneno ya wimbo pekee, ilikuwa katika risiti. Ukipima kwa mizani hiyo, bendi iliyouchambua ubepari kwa ufasaha kuliko nyingine zote ndiyo iliyofanya kidogo kubadili jinsi santuri inavyomfikia mnunuzi.

Hata hivyo, njia hiyo nyingine haikuwa safi kama inavyokumbukwa. Fast Product yenyewe iligeuka kuwa kituo cha kupitia: The Human League na The Mekons walianzia hapo, na kufikia mwaka 1979 wote walikuwa katika kampuni ya Virgin. Scritti Politti nao, waliochapisha gharama zao kwa fahari, walitoa albamu ya mwaka 1985 kupitia Virgin hiyo hiyo, safari hii kwa sauti laini ya redioni. Chumbawamba, kizazi cha baadaye cha wanaharakati wa Leeds, walishiriki mwaka 1989 katika albamu ya kuilaani EMI na mwaka 1997 wakaingia EMI. Waswahili husema mla nguruwe huchagua aliyenona, na sioni kwa nini Gang of Four walaumiwe zaidi kwa sababu tu waliagiza mapema.

Tena walichokipata kilikuwa na thamani. Albamu ya Entertainment!, iliyotoka mwaka 1979, waliitayarisha King na Gill wenyewe pamoja na meneja wao Rob Warr, na hakuna dalili kwamba kampuni iliwalainisha. Ndani yake mna wimbo kuhusu wafungwa wa Ireland Kaskazini unaomalizia kwa kutaja mafuta yanayoweza kuwa chini ya bahari, na mwingine ambamo sauti mbili zinakwenda pamoja, mmoja akiimba mapenzi kama ugonjwa na mwenzake akieleza kwa sauti ya mhadhiri kwa nini bendi nyingi hung'ang'ania kuimba mapenzi. Jalada lake jekundu lina picha ile ile ya Mhindi Mwekundu na mchunga ng'ombe wakipeana mikono, imerudiwa mara tatu. Maelezo yanasema kwamba Mhindi anatabasamu akidhani amepata rafiki, na mchunga ng'ombe anatabasamu kwa kuwa amemdanganya na sasa ataweza kumnyonya. Ni vigumu kuisoma picha hiyo, ikiwa na nembo ya EMI kwenye bidhaa hiyo hiyo, bila kuifikiria meza ya kutilia saini. Watu waliojidanganya kuhusu mkataba wao wasingechagua jalada la namna hiyo.

Utetezi wao mkuu ulikuwa kwamba hakuna mahali nje ya soko ambapo mtu anaweza kusimama akalihukumu, na kwamba hoja isiyowafikia watu wengi ni mazungumzo ya marafiki. Hoja hiyo ilijaribiwa mwaka huo huo wa 1979. Singo yao At Home He's a Tourist ilifika nambari 58 kwenye chati, ikawapatia mwaliko wa Top of the Pops, kipindi cha BBC kilichotazamwa na mamilioni na kilichoweza kupandisha wimbo kwa wiki moja. BBC ikalikataa neno moja lililomaanisha kondomu. Bendi ikakubali kulibadilisha, ikapendekeza neno jingine lisilo na makali. Watayarishaji wakataka jingine tena, litakaloficha kwamba kitu chochote kimebadilishwa. Hapo wakagoma na kuondoka. Wako wanaousifu uamuzi huo kama ushahidi kwamba EMI haikuwanunua. Mimi naona kasoro ndani yake: mtu aliyeingia kampuni kubwa kwa hoja ya kuwafikia wengi, kisha akaukataa mlango mpana kuliko yote kwa sababu ya neno moja, amelipa gharama za njia zote mbili bila kuvuna faida kamili ya yoyote. Albamu iliishia nambari 45. Mwaka 1982 bahati mbaya iliongezea, kwani wimbo wao wa kejeli kuhusu mwanaume mwenye sare za jeshi ulikutana na vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falkland, BBC ikaacha kuupiga, nao ukakwama nambari 65.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kesi halisi. Mkataba wa kampuni kubwa hutoa malipo ya awali, na malipo hayo ni deni linalokatwa kwenye mirabaha. Bendi isiyopata wimbo mkubwa hubaki na deni, na deni hutaka wimbo mkubwa. Allen alikwisha kuondoka mwaka 1981, katikati ya ziara ya Marekani, na Sara Lee akachukua besi. Mwaka 1983 Burnham naye akaondolewa. Albamu iliyotoka mwaka huo, Hard, ilitengenezwa Florida na ndugu Ron na Howard Albert, ikawa na waitikiaji wa sauti nyororo, na mahali pa mpiga ngoma pakashikwa na mashine. Bendi iliyofundisha jinsi kazi ya binadamu inavyogeuzwa bidhaa ilimwachisha kazi mmoja wa waanzilishi wake na kuweka mtambo. Kuilaumu EMI peke yake ni rahisi mno, maana uamuzi ulipitia mikononi mwa King na Gill. Lakini kudai kwamba deni halikuwa na sauti katika chumba hicho nako ni kujifanya hatujui biashara hii inavyokwenda. Hard haikuuza. Mwaka uliofuata bendi ikawa imevunjika.

Wanne wa asili walirudi pamoja mwaka 2004, na mwaka 2005 wakatoa Return the Gift, ambamo walirekodi upya nyimbo zao za zamani ili safari hii rekodi ziwe mali yao na si ya kampuni. Burnham alikuwa tena kwenye ngoma. Kimkataba ni kazi ya haki kuliko zote walizowahi kuzifanya, na inaonyesha kwamba wenyewe walikwisha kukiri ni wapi pa kuwalaumu: si kwamba waliimba chini ya nembo ya EMI, bali kwamba waliiachia umiliki. Lakini ngoma za 2005 ni nene na zimejaa, ule ukavu wa 1979 umepungua, na anayetaka kujua Gang of Four walikuwa nani bado huelekezwa kwenye rekodi za EMI.