Shubiri, mdondo na kuku wa kulinganishia

Ukipita nyua za Tandika au Mbagala, Dar es Salaam, msimu wa mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku (Newcastle), tazama bakuli la maji ya kuku. Maji yana rangi: shubiri iliyokatwakatwa, mwarobaini uliopondwa, pengine na pilipili kichaa humo humo. Mtaalamu wa mifugo akiliona hutikisa kichwa. Chanjo ipo, tena inatengenezwa nchini; ya nini kuhangaika na majani, seuze kuyatafutia fedha za utafiti?

Hoja hiyo ina uzito. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko zile za zamani, ni tone moja tu jichoni, na ukiirudia kila miezi 3 au 4 kuku wanakuwa na kinga ya kweli. Shubiri haijaikaribia. Na kuku akishaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, dawa ya kuviua virusi hivyo haipo, ya dukani wala ya shambani.

Ila chupa ya chanjo huandaliwa kwa kuku makumi hadi mamia, na ikishafunguliwa haikai. Mwenye kuku 7 uani ataimalizia wapi? Majirani wakipatana siku moja, heri. Wasipopatana, shubiri imeota kwenye ndoo mbovu pale mlangoni, na kuku wa Singida, pengine na mdondo wao, wanaendelea kushushwa sokoni Shekilango kila uchao. Simwiti mjinga mtu huyu. Anatumia alichonacho, na cha chini tunachoweza kumfanyia ni kumwambia kama kinafanya kazi.

Jibu, kwa sehemu, tunalo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro: kuku waliambukizwa mdondo kwa makusudi, wengine wakapewa maji ya shubiri pori, Aloe secundiflora. Vifo vilipungua, havikukoma. Walionusurika zaidi ni wale walioanza kunywa kabla ya kuambukizwa.

Hapo kwenye "kabla" ndipo ninapong'ang'ania. Kama shubiri ingekuwa inaviua virusi, tungetegemea imsaidie hata aliyekwisha ugua. Kutangulia kwake kunafanya nishuku kwamba inauandaa mwili wa kuku zaidi kuliko inavyopambana na kirusi. Basi anayesubiri mpaka wawili wafe ndipo akimbilie ndoo, anaitumia kinyume. Tufanye hesabu ya kufikirika: mdondo mkali unaweza kumaliza banda lote lisilochanjwa. Shubiri ikiokoa 3 kati ya 10, mwenye kuku 1,000 kule Kibaha ataona ni hasara tupu. Kwa mwenye kuku 10, hao 3, akiwemo tetea mmoja na jogoo, ndio mbegu ya kuanzia upya. Namba ni ile ile, ila haiwapimi sawa watu hao wawili.

Lakini usiniletee ushahidi wa "nilimpa akapona". Katika karibu kila mlipuko wapo wanaobaki, hata bila kupewa kitu, na sifa yote huchukuliwa na lile bakuli. Ndiyo maana lazima wawepo kuku wa kulinganishia, wanaoambukizwa vile vile na kunyweshwa maji matupu. Ni ukatili, sikatai, na nisingependa kuwa mimi ninayewahesabu asubuhi. Bila wao, hata bibi mwenye dawa ya kweli hatofautiani na tapeli.

Maabara nayo ina mitego. Virusi vya mdondo hukuzwa ndani ya mayai yenye kiinitete. Ukichanganya dawa humo na virusi visiongezeke, huenda umevizuia, huenda pia umekiua kiinitete chenyewe. Tena dawa iliyokutana na kirusi ana kwa ana ndani ya yai haijapita tumboni mwa kuku.

Linalonisumbua zaidi ni kipimo. Utomvu wa njano wa shubiri husababisha kuharisha, na kuku wa mdondo tayari anapoteza maji. Niliwauliza majirani wawili wanaoitumia. Mmoja hutia jani zima kwenye lita moja. Mwingine, kipande cha urefu wa kidole kwa ndoo nzima. Wote wawili waliniambia inafanya kazi.