Drax: ruzuku ilipie kaboni iliyozikwa, si muda wa kusubiri

Kituo cha umeme cha Drax, karibu na mji wa Selby huko North Yorkshire, Uingereza, kilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Kuanzia 2013 mitambo yake minne iligeuzwa, mmoja baada ya mwingine, ili ichome mbao zilizosagwa na kushindiliwa kuwa vidonge. Vingi hutoka kusini mwa Marekani na Kanada. Ruzuku ya sasa inakoma Machi 2027, na hapo ndipo mvutano ulipo: je, serikali iendelee kukilipa kituo kinachosubiri kufungiwa mitambo ya kunasa hewa ya ukaa, ikazikwe chini ya Bahari ya Kaskazini?

Wanaosema kilipwe wana hoja nzito. Drax hutoa takribani asilimia 5 ya umeme wa nchi, tena umeme unaopatikana hata upepo ukitulia usiku wa Januari. Kikifungwa, pengo litazibwa na gesi, mafundi watatawanyika, na kukifufua baadaye itakuwa kazi ngumu. Mpango wa kunasa tani milioni 8 kwa mwaka ulishapata kibali cha ujenzi Januari 2024. Mti mpya ukiota palipokatwa mwingine, na kaboni ya ule wa kwanza ikazikwa, hewa ya ukaa iliyomo angani inapungua kweli. Paneli za sola haziwezi hilo.

Lakini hesabu hiyo yote imesimama juu ya msitu, na msituni ndiko kwenye mashaka. Kanuni za kimataifa huhesabu kaboni ya mbao kule mti ulikokatwa, kwa hiyo kwenye vitabu vya Uingereza bomba la moshi la Drax husomeka sifuri, ilhali Ember, taasisi ya utafiti wa nishati, ilikadiria kwamba lilitoa zaidi ya tani milioni 11 za hewa ya ukaa mwaka 2023. Mti huteketea kwa dakika chache. Wa kuziba pengo lake huchukua miongo kukua. Januari 2024 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilisema serikali haiwezi kuonyesha kwamba usimamizi wake unatosha kuthibitisha uendelevu wa mbao hizo. Agosti mwaka huohuo Drax ilikubali kulipa pauni milioni 25 kwa kasoro za takwimu za mbao za Kanada, ingawa mdhibiti wa sekta ya nishati, Ofgem, hakukuta ushahidi wa udanganyifu wa makusudi. Na kule Gloster, mji mdogo wenye wakazi wengi Weusi katika jimbo la Mississippi, Marekani, kiwanda cha vidonge cha Drax kilitozwa dola milioni 2.5 kwa kuchafua hewa. Wakazi hao hutajwa mara chache sana mjadala huu unapofanyika London. Wangepaswa kuwa wa kwanza.

Februari 2025 serikali ilitangaza makubaliano ya 2027 hadi 2031: kituo kisizidishe asilimia 27 ya uwezo wake, mbao zote zithibitishwe kuwa endelevu badala ya asilimia 70, na ruzuku ikatwe nusu. Ni hatua nzuri kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo kinacholipiwa bado ni umeme, na hapo ndipo mimi ninapokataa. Kunasa kaboni hula nishati: moshi hupitishwa kwenye kimiminika kinachoikamata, kisha kimiminika hicho hupashwa moto kiiachie, kwa mvuke ambao ungezungusha turbini. Anayelipwa kwa kila uniti ya umeme hupoteza mapato akianza kunasa.

Uswidi imeanzia upande mwingine. Januari 2025 kampuni ya Stockholm Exergi ilishinda mnada wa serikali wa hadi krona bilioni 20 kwa miaka 15, na fedha hizo hulipwa kwa tani iliyozikwa. Kituo chake hutumia zaidi mabaki ya misitu na ya viwanda vya mbao. Watetezi wa Drax watasema mradi huo ni wa tani 800,000 tu kwa mwaka, na kwamba eneo la Humber, kilipo kituo cha Drax, bado halina bomba la kupeleka kaboni baharini. Ni kweli. Basi serikali igharimie bomba hilo, iweke bei ya kila tani itakayofika chini ya bahari, na vidonge kampuni ijinunulie yenyewe.