Timu ya moyo na timu ya nyumbani: nani ameifikisha hapa Ligi Kuu Bara?

Siku Simba au Yanga, vigogo wawili wa Dar es Salaam, wanapocheza uwanja wa Mkwakwani, Tanga huamka na rangi nyingine. Jezi nyekundu za Simba na za kijani za Yanga zinatundikwa kwenye kamba tangu alfajiri, bodaboda zinafunga vibendera, na ikifika saa saba mchana foleni ya jukwaa la mzunguko imeshapinda kona. Mara ya mwisho nilipoingia pale kuitazama Coastal Union, timu ya Tanga, ikiikaribisha Yanga, nilikaa karibu na mzee mmoja aliyevaa jezi ya kijani iliyopauka mabegani. Coastal walipofunga, alinyanyuka. Mikono ilifika usawa wa kifua, ikasita, kisha akaketi taratibu na kuanza kuifuta miwani yake. Hakuna aliyemcheka. Wengi waliotuzunguka walikuwa wamefanya vilevile.

Mzee yule ana timu mbili, kama walivyo mashabiki wengi wa mikoani. Ya moyo iko Kariakoo, Dar es Salaam, nyumbani kwa Simba na Yanga. Ya nyumbani iko pale alipozaliwa, na anaipenda kweli, lakini zikikutana inamlazimu achague, na mara nyingi tunajua atachagua ipi. Mjadala unaorudi kila msimu, kwamba Simba na Yanga ndizo zilizoijenga Ligi Kuu au ndizo zinazoinyima pumzi, umebebwa wote na ile mikono iliyoishia kifuani.

Wanaosema vigogo wanaiua ligi wana hoja nzito, na orodha ya mabingwa inawasaidia. Ligi ilianza mwaka 1965 na bingwa wa kwanza akawa Sunderland, ambao mwaka 1971 walibadili jina na kuwa Simba. Yanga wakachukua mataji matano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972, Simba nao wakajibu kwa matano yao, 1976 hadi 1980. Lakini katikati ya ubabe huo palikuwa na upenyo. Cosmopolitans walitwaa ubingwa mwaka 1967. Mseto ya Morogoro ikalitoa taji Dar es Salaam na kulipeleka mikoani kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Pan African, iliyozaliwa na mgogoro wa ndani ya Yanga, ikabeba mwaka 1982. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa msimu wake wa kwanza, mwaka 1986, jambo ambalo leo ukimsimulia kijana wa miaka ishirini anadhani unamtania. Coastal Union wakafuata mwaka 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, wakachukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Baada ya hapo, mlango ukafungwa. Tangu Mtibwa wa mwaka 2000 hadi msimu wa 2024/25, taji halijatoka nje ya Dar es Salaam hata mara moja. Katika miaka yote hiyo ni Azam FC peke yao walioingilia kati, msimu wa 2013/14, tena bila kupoteza mchezo, na Azam ni timu ya Chamazi yenye tajiri nyuma yake. Mtoto aliyezaliwa Mbeya, Songea au Bukoba mwaka 2001 sasa ni mtu mzima mwenye familia, na hajawahi kuona bingwa wa Bara akitokea mkoani kwao wala mkoa wa jirani.

Kisha kuna suala la nguvu. Mashabiki wa timu ndogo wamechoka na viporo, mechi zinazosogezwa mbele kila vigogo wanapokuwa na safari za Afrika, hadi msimamo wa ligi unakuwa mgumu kusomeka. Wamechoka kuona mchezaji waliyemlea akichukuliwa Januari kisha anakalia benchi Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba. Na mwaka 2025 tuliona jambo lililonisikitisha kuliko yote. Dabi ya Machi 8 haikuchezwa. Simba walitangaza kutopeleka timu wakisema walizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakaenda uwanjani wakidai pointi zao, na nchi nzima ikakaa miezi mitatu na zaidi ikibishana. Mchezo ule ukaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Jiulize: ingekuwa ni Kagera Sugar dhidi ya Namungo, je, kalenda ya taifa ingesimama kuwasubiri? Hakuna anayeweza kusema ndiyo kwa moyo mweupe.

Hoja hizo nimezitetea mwenyewe miaka mingi. Lakini upande wa pili una ushahidi ambao siwezi kuupita kimya.

Kwanza, Afrika. Tulikaa muda mrefu tukitolewa raundi za awali na kurudi nyumbani na visingizio vya hali ya hewa. Tulikuwa na kumbukumbu chache za kujivunia: Simba wa 1974 kufika nusu fainali ya klabu bingwa, Simba wa 1993 kufika fainali ya Kombe la CAF na kuipoteza hapa hapa Dar mbele ya Stella Abidjan, Simba wa 2003 kuwavua ubingwa Zamalek wa Misri. Sasa tazama kilichotokea karibuni. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, wakashinda ugenini Algeria na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba wakafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Msimu wa 2023/24 timu zote mbili zilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa wakati mmoja. Matokeo ya aina hiyo ndiyo yanayoipa Tanzania nafasi nne katika mashindano ya Afrika, na nafasi mbili kati ya hizo huwa zinawaangukia wengine. 

Pili, fedha. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Hakuna anayeweka fedha za aina hiyo kwa ajili ya mchezo wa Jumanne mchana kati ya timu mbili zenye mashabiki mia tatu uwanjani. Zimewekwa kwa sababu mamilioni ya watu wanafuata rangi mbili, na mechi hizo za Jumanne zinalipiwa na rangi hizo. Wachezaji kama Clatous Chama kutoka Zambia, Fiston Mayele kutoka Kongo na Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso walikuja hapa wakiwa na uwezo wa kwenda kwingine, na beki kijana wa Tabora aliyekuwa anakabana nao kila msimu amejifunza kitu ambacho hakuna kozi ingemfundisha.

Na anayedhani kwamba mabingwa wengi ndiyo afya ya ligi, atazame ng'ambo ya Namanga. Kenya kati ya 2008 na 2011 ilipata mabingwa wanne tofauti kwa miaka minne: Mathare United, Sofapaka, Ulinzi Stars na Tusker. Kwa karatasi, hiyo ndiyo ligi tunayoililia. Lakini mwaka 2017 SuperSport, waliokuwa wakionyesha ligi hiyo kwenye televisheni, walipoondoka, ushindani ule haukutosha kuwabakisha, na majukwaa mengi yalikuwa matupu isipokuwa Gor Mahia na AFC Leopards wakiwepo. Ushindani ni kitu kizuri, ila peke yake haulishi timu.

Nimefika mahali ambapo naona pande zote mbili zinamtazama mtu asiye sahihi. Tunahesabu nguvu za Simba na Yanga bila kuuliza wapinzani waliokuwa wanazizuia walikwenda wapi.

Soma majina ya timu za Ligi Kuu ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, utaona historia ya uchumi wa nchi: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Bandari ya Mtwara. Mashirika ya umma, vyama vya ushirika, kampuni za biashara za mikoa. Mchezaji aliajiriwa kama karani au fundi, mshahara ukatoka kwa shirika, nyumba ikatoka kwa shirika, basi la safari likatoka kwa shirika. Na kwa sababu shirika lilikuwa ndiyo mji wenyewe, watu waliipenda timu kama wanavyoupenda mji. Baba anafanya kazi kwenye reli, mwana anaenda kuishangilia Reli. Hapo fedha na watu vilikuwa chini ya paa moja.

Mageuzi ya uchumi yalipokuja, mashirika yakabinafsishwa, mengine yakafilisika, na hakuna aliyekaa kujiuliza timu zao zitakwenda wapi. Zilishuka moja baada ya nyingine. Simba na Yanga hazikuziua. Zilibaki zimesimama kwa sababu hazikuwahi kuegemea shirika. Tangu 1935 na 1936 ziliegemea wanachama, matawi, na mtu mwenye duka Kariakoo aliyeitoa pesa yake mfukoni wachezaji walipokosa nauli. Ulipokuja upepo, nyumba ya shirika ikaanguka na nyumba ya wanachama ikabaki.

Kilichojaza pengo hakikulirudisha lile paa moja. Ligi ya miaka ya karibuni imekuwa na timu za majeshi na taasisi: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa wa Kigoma. Imekuwa na timu za viwanda kama Mtibwa na Kagera Sugar, ambayo ilishuka daraja mwaka 2025. Imekuwa na timu za manispaa kama KMC. Nyingi zinalipa mishahara kwa wakati, jambo ambalo wachezaji wa timu nyingi za wananchi hawalijui, na hilo siwezi kulibeza. Lakini fedha zipo, watu hawapo. Askari akihamishwa kituo, ushabiki wake unahama naye. Upande mwingine kuna Coastal, kuna Majimaji ya Songea ambayo ilitwaa Ligi ya Muungano, ile ya Bara na Zanzibar, zaidi ya mara moja, kuna Tukuyu Stars: timu zenye watu, zenye nyimbo, zenye wazee wanaokumbuka kila bao, na hazina fedha. Coastal ndiyo bado iko juu. Majimaji na Tukuyu zimetoweka kwenye Ligi Kuu huku watu wao wakiwa hai, na watu hao wamepeleka mapenzi yao kule ambako kuna mechi ya kutazama. Wamepeleka Kariakoo.

Kwa hiyo anayeilaumu Yanga kwa kumchukua yule mzee wa Tanga, amuulize mzee alikuwa na lipi la kufanya timu yake ya nyumbani iliposhuka na kukaa miaka nje ya Ligi Kuu.

Hata hivyo vigogo hawatoki hapa wakiwa safi. Nguvu waliyoirithi kwa haki wanaitumia kuzuia wengine wasipate. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya GSM, iliyo karibu mno na Yanga, iliingia kama mdhamini mwenza wa ligi. Simba wakakataa kuvaa nembo yake, na mwanzoni mwa 2022 udhamini ule ukavunjika. Simba walikuwa na hofu inayoeleweka: mfadhili wa mpinzani wako kukaa kifuani mwa timu zote unazocheza nazo si jambo dogo. Lakini waliopoteza fedha ni timu za chini, ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu. Kila fahali wawili wanapopigana tunarudia msemo wa nyasi. Mimi nimeshawaona hao wanaoumia: wachezaji waliosafiri kwa basi usiku kucha kutoka Kigoma, wakacheza, wakarudi usiku huohuo kwa sababu hapakuwa na fedha ya kulala.

Na timu ndogo nazo zina sehemu yao. Kwa miaka mingi zimekuwa zikihamisha mechi zao za nyumbani dhidi ya Simba na Yanga kwenda viwanja vikubwa ili zivune viingilio. Mtibwa wameuacha uwanja wao wa Manungu mara kadhaa na kwenda Jamhuri, Morogoro mjini. Kiuchumi ni hesabu nzuri ya siku moja. Lakini mtoto wa Turiani, anayeamshwa kila siku na king'ora cha kiwanda, ananyimwa siku pekee ya mwaka ambayo angeweza kumwona Mtibwa wake akimtoa jasho kigogo mbele ya macho yake. Mtoto huyo ataiona mechi kwenye kibanda umiza, katikati ya watu waliovaa nyekundu na kijani, na hapo ndipo atakapochagua timu yake ya moyo. Mtibwa walishuka daraja msimu wa 2023/24 na kupanda tena msimu uliofuata. Wamerudi na nafasi ya kulirekebisha hilo.

Pamba nao walirudi msimu wa 2024/25, safari hii kwa jina la Pamba Jiji, baada ya zaidi ya miaka ishirini nje. Halmashauri ya Jiji la Mwanza iko nyuma yao, na Mwanza ina watu wa kuijaza Kirumba bila kuazima mashabiki wa mtu. Wana fedha za taasisi na jina ambalo wazee bado wanalitaja kwa heshima. Kilichobaki ni kadi za uanachama, matawi kuanzia Igoma hadi Buhongwa, na mkutano mkuu ambao mwenye kadi anasimama na kumuuliza kiongozi maswali. Bodi ya Ligi inaweza kulifanya hilo sharti la leseni kwa kila klabu, na kuzipa klabu muda wa miaka mitatu. Inaweza pia kukataa ombi lolote la kuhamisha mechi ya nyumbani kwa sababu ya viingilio, na kuanza na msimu ujao.