Hadidiski yangu inaongea kuliko waigizaji

Wadau mi nina kesi na hadidiski (ile diski ya kutunzia mafaili), na hadidiski yenyewe imo ndani ya kesi ya kompyuta, sa sijui nani anamshtaki nani.

Nilikua na wazo zuri tu. Kompyuta moja ikae pale chini ya TV sebuleni, nimwage humo muvi zote, katuni za watoto, video za harusi, picha za tangu enzi za simu za kubonyeza, halafu jioni nanyoosha miguu na rimoti mkononi kama mtu aliyestaafu vizuri. Kwenye kuchagua diski nikaangalia namba mbili tu, ukubwa na spidi. Terabaiti 8, mizunguko 7200 kwa dakika, muuzaji akaniambia hii ni ya kwenye sava mzee, zile kompyuta za maofisini zinazohudumia watu wengi, ni ya kazi nzito haijui kulala. Nikaona dume hilo. Ile "haijui kulala" nilidhani ni sifa.

Usiku wa kwanza tunaangalia muvi ya kutisha, jamaa kaingia kwenye nyumba ya giza, muziki umekatika, kimya kabisa, hata pumzi tumezibana, mara krrrt, krrt, tk-tk-krrrt. Mama watoto akapandisha miguu kwenye kochi, "panya huyo!" Basi muvi ikasimama, taa zikawashwa, mi na kiatu mkononi na kijana wangu na fagio, tumehamisha kochi, tumehamisha kabati, robo saa nzima tunamsaka panya mpaka mtoto akaweka sikio kwenye kesi ya kompyuta akasema baba panya yumo humu ndani anataipu.

Ndo nikaanza kusoma, nikiwa nimeshachelewa kama kawaida yangu. Kumbe mle ndani kuna sahani zinazunguka muda wote na kuna kichwa kwenye mkono mwembamba kinakimbia huku na huku kutafuta data, kwa hiyo kelele ni za aina mbili. Kuna mvumo, mmm usiokatika, huo ni wa sahani kuzunguka, 7200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde na mvumo wake unasikika hapohapo kwenye mitikisiko 120 kwa sekunde, ya 5400 inavuma kwenye 90, yaani chini zaidi na kwa upole zaidi. Halafu kuna ile krrrt ya kichwa kinachokimbia. Mvumo unaweza ukauzoea ila krrrt huizoei, maana haina ratiba, inakuja pale tu mwigizaji anapotaka kunong'ona.

Kilichoniuma ni hesabu. Ile spidi niliyoringia nayo haina kazi yoyote! Muvi ya diski ya 4K, ile nzito kabisa, mwisho wake ni megabiti 128 kwa sekunde, ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 16. Diski ya pole pole ya 5400 inatoa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde bila hata kutoka jasho, inaweza kumpa muvi baba na mama na mtoto kila mtu na chumba chake na bado ikapiga miayo. Mi nimefunga injini ya treni kwenye baiskeli halafu nashangaa baiskeli inanguruma.

Na kumbe kelele imeandikwa! Kwenye karatasi ya sifa za diski kuna mstari wa desibeli, uko chini kabisa ambako macho ya mwenye haraka hayafiki. Ya kwangu ilikua thelathini na kitu, ile tulivu niliyoipita ilikua ishirini na kitu. Nikasema ah tofauti ya kumi tu, kumi ni nini bana. Desibeli hazihesabiki kama maembe, ukiongeza 10 sikio linasikia kama kelele imekua mara mbili. Kwa hiyo nilichonunua ni kelele mara mbili ndani ya diski moja.

Sikukubali kushindwa haraka lakini. Nikaifunika na blanketi, kelele ikapungua kweli, nikajisifu kweli, baada ya nusu saa nikacheki joto likawa linapanda kuelekea nyuzi 60 na diski nyingi zimeandikiwa mwisho wao ni hapo hapo. Nikafunua mbio kama mtu aliyesahau mtoto juani. Ndo nikaelewa kwamba kelele nyingine wala sio ya diski, ni ya kabati, diski inatikisika, skrubu zinapeleka mtikisiko kwenye bati la kesi, bati linapeleka kwenye mbao, na kabati tupu la mbao ni ngoma, tofauti ni kwamba halina ngozi. Dawa yake ni raba, ukiweka vipande vya raba kati ya diski na kesi mtikisiko unakufa njiani, na wengine wanaining'iniza kabisa kwa lastiki ikae hewani bila kugusa bati popote. Mi nikachagua ya kuning'iniza. Lastiki nikapata humo humo ndani ya nyumba, nzuri, pana, inavutika. Ikafanya kazi ajabu, mvumo karibu wote ukaisha! Siku mbili baadae mama watoto anajiandaa kutoka, sketi haikai kiunoni, akaifuata lastiki yake mpaka ndani ya kompyuta. Hayo mengine tuyaache.

Basi nikabadilisha diski. Safari hii nikaenda kama mpelelezi, na hapo ndo utajua hii biashara ina mitego. Kuna diski zimeandikwa "daraja la 5400", wewe unasoma 5400 unafurahi, kumbe neno la kazi ni hilo "daraja", ndani inazunguka 7200 kama kawa. Kuna zile zinazoandika data kwa kulaliana kama vigae vya paa, SMR wanaita, hizo kwa muvi za kuweka mara moja na kuangalia mara mia hazina shida, ila siku ukianza kufuta na kuandika upya upya utazeeka unaangalia kimstari cha kukopi. Kuna zile kubwa zimejazwa heliamu, gesi ya kwenye maputo, nyepesi kuliko hewa kwa hiyo sahani hazipati upinzani sana, nikasema hiyo ndo yangu, gesi ya maputo itapigaje kelele, lakini nyingi zao ni za kazi za sava na kichwa chake kikianza kukimbia unasikia mpaka jikoni. SSD, diski ya chipu tupu, ndo kimya cha kaburini maana hakuna kinachozunguka, ila ukiuliza ya terabaiti 8 unatajiwa bei na wewe ndo unakua kimya. Mwisho nikafanya kama wenzangu wanavofanya, SSD ndogo ya kuwashia kompyuta, na diski kubwa ya 5400 ya kweli kweli ya kubebea mizigo.

Nimeiweka, nafungua, inaniambia terabaiti 7.27. Nikapiga simu na hasira zangu zote, nimeuziwa diski iliyoliwa pembeni! Muuzaji hata hakushtuka, akasema mzee waliotengeneza wanahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024 1024, diski ni hiyo hiyo nzima. Nikauliza sa hao hawajawahi kukaa kikao? Akacheka akakata simu.

(Na tushukuru tu. Ile ya kwanza kabisa IBM waliitoa 1956, sahani 50, kila moja inchi 24, uzito kama tani, na yote hiyo inabeba kama megabaiti 4 tu. Yaani mngetoa ukuta kuingiza diski ya nusu harusi, wala sio nusu, bwana harusi angeishia mlangoni.)

Nikaona nimalizie kazi, nikaiseti ilale kabisa kama haitumiki dakika kumi. Kosa. Diski iliyolala ukiiamsha inachukua sekunde kama kumi kupata spidi, na wewe ukiwa mtu mzima unajua unasubiri, ila mtoto wa miaka sita hajui. Kabonyeza katuni, kimya. Kabonyeza tena. Kabonyeza mara kumi na saba kwa hasira, mshale juu, mshale chini, stopu, plei, sauti. Diski ikaamka, kompyuta ikatekeleza zote kwa mpigo, TV ikapiga kelele ambayo ile diski ya zamani kwa miaka yake yote isingeifikia. Sasa imesetiwa ilale baada ya masaa matatu bila kutumika, tukiwa na sisi tumelala.

Na kweli ni kimya. Kimya mpaka nikaanza kupata wasiwasi. Ile ya zamani nilijua iko hai, hii sijui. Nikawa kila baada ya muda napiga magoti naweka sikio kwenye kesi, mama watoto kanikuta hivo usiku.

"Unasikiliza nini?"

"Sisikii kitu."

"Si ndo ulichotaka?"

Nikamwambia ikifa je, harusi yetu imo humo! Akasema nunua nyingine uweke kopi, na hilo ndo neno la maana pekee lililosemwa kwenye hii stori nzima. Nikanunua ya pili, kampuni ile ile, modeli ile ile, 5400 ile ile, raba ile ile, desibeli ishirini na kitu zile zile. Nikaifunga pembeni ya mwenzake, nikawasha, nikakaa.

Wuuu... kimya... wuuu... kimya... wuuu.

Kumbe diski mbili haziendi sawa kabisa kabisa, moja inaizidi nyingine kidogo sana, na mivumo yao ikikutana inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Moja peke yake huisikii. Mbili zinakoroma kwa zamu. Saa hizi natafuta lastiki, na kabati la nguo nimekuta limefungwa na ufunguo.