Mafuta ya karafuu huzama, mwalimu

Mtoto wa dada yangu, Kidato cha Pili hapa Chake Chake, alinionesha karatasi yake ya jaribio la kemia. Swali lilitaka aeleze kwa nini mafuta na maji hayawi myeyusho, na kipi kinakaa juu. Akaandika kwamba mafuta ya kupikia hukaa juu, lakini ya karafuu hukaa chini. Sentensi hiyo ikakatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa: mafuta yote huelea.

Hasira haijanitoka mpaka leo, kwa sababu mtoto kasema kweli. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 1. Ya mafuta ya nazi ina kiasi cha gramu 0.92, kwa hivyo yanaelea. Ya mafuta ya karafuu ina kati ya 1.04 na 1.06, kwa hivyo yanazama. Mafuta ya majani ya mdalasini nayo huzama, maana yamejaa eugenoli, kimiminika kile kile chenye harufu kinachojaa kwenye mafuta ya karafuu. Mtoto wa Pemba kuadhibiwa kwa kuijua karafuu! Ingekuwa kisiwa kingine ningenyamaza.

Tena tuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi. Makonyo hayo hayo ambayo watoto wetu wanakesha nayo msimu wa uchambuaji, wakiyatenga na karafuu, ndiyo yanayopitishiwa mvuke. Eugenoli ikichemshwa peke yake inataka nyuzijoto 254. Ikiwa pamoja na maji, inatoka kabla hata ya kufika 100. Hapa ndipo ningependa mwalimu asimame kipindi kizima, wala asiharakie mada ya pili. Vimiminika viwili visivyoyeyukana, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenziwe hayupo. Misukumo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa ikafikia kanieneo ya hewa, vyote viwili vinachemka. Sehemu kubwa ya msukumo inatoka kwa maji, eugenoli inasindikizwa tu. Lau vingeyeyukana, kila kimoja kingepunguza mvuke wa mwenziwe, na hesabu isingetimia namna hiyo. Kule kukataana kwao ndiko kunakotupa mafuta bila ya kuyaunguza.

Mvuke ukishapozwa, chomboni mna maji meupemeupe juu na mafuta yametulia chini. Ingekuwa mchaichai, mafuta yangekuwa juu. Haya ya makonyo unayatoa kwa chini, halafu unanusa yale maji yaliyobaki: bado yananukia karafuu, kwa sababu eugenoli kidogo, kama gramu 2 hivi kwa lita, imeyeyuka humo kikweli. Mchanganyiko na myeyusho, vyote katika chombo kimoja, na mtoto anaweza kwenda kuviona kwa miguu yake na kurudi kabla ya adhuhuri.

Najua walimu wana mzigo. Madarasa yamejaa, vifaa vya maabara ni vichache, na mtihani hauulizi makonyo. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini jaribio ninalolisema halihitaji maabara. Leta gilasi mbili darasani, moja ya maji na moja ya mafuta ya nazi, kisha dondosha tone la mafuta ya karafuu katika kila moja. (Watoto wasiyashike kwa mikono mitupu, yanachoma ngozi.) Kwenye maji tone litakwenda chini likiwa zima. Kwenye mafuta ya nazi litapotea machoni, na harufu itabaki. Skuli gani ya Pemba itasema haina hivyo?

Tui likiachwa usiku linajitenga, zito juu. Maji ya bahari yakikaushwa juani hutoa jasi kabla ya chumvi, na yanayobaki mwisho ni machungu kwa magnesi. Hayo nayo yangekuwa somo, lakini mimi nagombania karafuu.

Naigombania kwa sababu inauzwa. Mtu anauziwa kichupa sokoni, anaambiwa ni mafuta ya karafuu matupu. Aliyekariri kwamba mafuta yote huelea atayaona yanaelea na ataridhika, kumbe yamechanganywa. Nusu kwa nusu na mafuta ya nazi, yanaelea. Lakini muuzaji akitia sehemu moja ya nazi kwa nne za karafuu, bado yanazama, na jicho halitoshi. Hapo nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila ya sindano yenyewe, lijaze, uyapime mafuta hayo kwa mizani ya sonara. Matupu yatakuwa gramu 10.4 mpaka 10.6. Yaliyotiwa nazi kwa kipimo hicho yatakuwa kama 10.2, na hapo unayo haki ya kumrudishia kichupa chake na kudai pesa zako.