Joho la Gredi ya Tisa la Nini?

Ikifika Septemba, grupu ya WhatsApp ya wazazi huchangamka kupanga sherehe ya kuwaaga watoto wa Gredi ya Tisa. Watu ambao mwaka mzima hawajibu hata salamu, ghafla wana maoni kuhusu rangi ya vitambaa vya hema. Mweka hazina anatundika namba yake ya M-Pesa, na orodha ya waliotuma inaanza kurefuka: jina, kiasi, viganja viwili vya shukrani. Joho na kofia za kukodi, keki, mapambo, didjei, mpiga picha, chakula cha wageni. Mwaka jana kwetu ilikuwa shilingi 1,500 kwa kila mtoto wa Gredi ya Tisa, na hii ni shule ya umma. Nasema kwa heshima kwa wazazi wenzangu: pesa hizi tunazitumia vibaya, na siku yenyewe tunaiendesha vibaya zaidi.

Sisemi siku isiwepo. Wako wanaosema sherehe za shule zote ni upuzi, na mimi si mmoja wao. Watoto wa sekondari msingi wana haki ya kuagwa kuliko darasa lolote lililowatangulia. Zamani mtoto alimaliza darasa la nane, akafanya mtihani wa KCPE, akaenda zake. Sasa aliyeanza PP1 anaweza kukaa ndani ya ua ule ule miaka 11: miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, yaani JSS. Mlinzi anamjua kwa jina la nyumbani. Mama wa viazi karai pale langoni anajua nani hulipa Ijumaa. Akitoka hapo ataenda sekondari pevu, ya Gredi ya Kumi hadi ya Kumi na Mbili, pengine bweni, pengine kaunti nyingine kabisa, na shule ile hatairudia tena isipokuwa siku ya kupiga kura.

Hasa wale wa 2025, kundi la kwanza. Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kote nchini Kenya Januari 2019, wao walikuwa Gredi ya Tatu. Mwaka uliofuata korona ikafunga shule mwezi wa Machi, na Oktoba wakawa katika madarasa matatu tu yaliyorudishwa kwanza, pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Wakafanya KPSEA, tathmini ya Gredi ya Sita, mwaka 2022 na hakuna mzazi aliyejua Gredi ya Saba itakaa wapi, mpaka jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu lilipopendekeza ibaki katika shule za msingi. Basi likizo ya Desemba ikaisha, watoto wakarudi pale pale walipotoka, na tofauti ni sare mpya tuliyonunua. Kuna waliokaa wiki kadhaa bila mwalimu wa somo hata mmoja. Mtoto aliyepita yote hayo asishushwe njiani kama abiria aliyekosa nauli. Aagwe.

Lakini tazama tunavyomuaga.

Kadi inasema saa tatu asubuhi. Mgeni wa heshima anaingia saa saba, na mpaka aingie hakuna kinachoanza, kwa hiyo didjei anaturudishia nyimbo zile zile. Hema kubwa lenye vitambaa na viti vya mito ni la bodi, wafadhili, mwakilishi wadi na watu waliokuja na mwakilishi wadi. Wanaoagwa wamepangwa mbele, kwenye viti vya plastiki, ndani ya joho jeusi la nailoni, kwenye jua la Pwani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni wetu anakuja na mwenyeji anaungua.

Halafu hotuba. Mwenyekiti wa bodi, mwakilishi wa wazazi, chifu, mtu wa ofisi ya elimu, mtu aliyetumwa na mheshimiwa ambaye anasoma risala ya mheshimiwa kisha anaongeza yake. Imamu na mchungaji nawasamehe, dua zao huwa fupi. Mtoto husikika mara moja tu: anaghani shairi la kumsifu mgeni wa heshima, ambalo ameandikiwa. Katika programu iliyochapishwa, walimu wa JSS wana mstari mmoja: "Walimu wote wasimame." Wanasimama, tunapiga makofi, wanaketi. Hao ndio waliofundisha sayansi jumuishi bila maabara. Wengi wao walianza kama vibarua wa mkataba, wakipokea karibu shilingi 17,000 kwa mwezi, na mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu. Kwa kuwa shule ni ya msingi na mwenye kiti ni mwalimu mkuu wa msingi, wao siku hiyo wanakuwa wageni wasio na hema.

Nirudi kwenye joho, maana ndilo linalokula pesa na ndilo linalonikera.

Joho husema mtu amehitimu. Sasa hesabu tarehe. KJSEA ya kwanza, yaani tathmini ya Gredi ya Tisa, ilifanywa mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2025, na matokeo yakatoka Desemba. Sherehe yetu ilikuwa kabla ya hapo. Tulimvika mtoto joho, tukamkatia keki iliyoandikwa hongera, na karatasi yenyewe ya kwanza ya mtihani hajaishika. Na hata angekuwa ameishika, huo mtihani haukuundwa uwe mwisho wa chochote. Unabeba asilimia 60 za alama. Asilimia 20 zilitoka KPSEA ya Gredi ya Sita, na 20 nyingine kwenye tathmini za Gredi ya Saba na ya Nane. Baada yake serikali inataka kila mtoto aende Gredi ya Kumi. Kwa mwendo huu, mtoto anayevaa joho akimaliza PP2, akavaa tena Gredi ya Sita, ya Tisa na ya Kumi na Mbili, siku atakayofuzu chuo kikuu litakuwa joho lake la tano. Sijui atashtuka na nini.

Kuna jambo baya kuliko joho, nalo ni lile tusiloliandika kwenye grupu. Orodha ya waliotuma pesa ni orodha ya wasiotuma pia. Siku ya sherehe huwa kuna watoto wawili watatu ambao "wana homa". Wapo wengine wanaokuja wakaketishwa na Gredi ya Nane kwa sababu joho hazikuwatosha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, hairuhusu mtoto akataliwe shuleni kwa kukosa kulipa mchango. Najua utaniambia hakuna aliyekataliwa, na ni kweli, langoni hawakuzuiwa. Lakini mtoto wa miaka 14 au 15 hahitaji kufungiwa lango ili abaki nyumbani. Anahitaji tu kujua kwamba wenzake wote watakuwa ndani ya joho jeusi na yeye peke yake atakuwa na shati la kijani.

Na zawadi. Mtaala huu tumeambiwa haupangi watoto kwa namba. KJSEA inatoa viwango vinane, kuanzia EE1 cha juu kabisa mpaka BE2 cha chini kabisa, kwa kila somo, na hakuna orodha ya nani wa kwanza kitaifa. Sisi siku ya kufunga shule tunamwita namba moja, namba mbili, namba tatu, tunawapa sufuria, chupa ya chai na sahani za udongo. Wengine wote wanapiga makofi. Yule aliyeifanya timu ya kandanda ifike kaunti muhula wa pili hatajwi. Yule aliyeimba peke yake kwenye tamasha la muziki hatajwi, kwa sababu tamasha lilikuwa mwezi wa nane na sasa ni Oktoba, limesahaulika. Tumeununua mtaala mpya tukaufunga kwa kamba ya zamani.

Mimi ningefanyaje? Kwanza ningeitoa siku hii muhula wa tatu. Tangu 2016, Fred Matiang'i akiwa waziri, ziara za wazazi na siku za maombi za muhula wa tatu zilipigwa marufuku ili kuzuia wizi wa mitihani, na mpaka leo shule nyingi hujipenyeza kwa kubadilisha jina la shughuli. Mwisho wa muhula wa pili panatosha. Mvua kubwa za masika zimepita, jua si kali, na kazi za mikono za watoto bado ziko nzima.

Hizo kazi ndizo ningezitandaza kwenye lile hema kubwa. Katika miaka mitatu mtoto wa JSS amepanda sukuma kwenye magunia, amechora ramani ya nyumba, ametengeneza kigoda, amefuma, amepiga ngoma, amefanya mradi wa huduma kwa jamii. Mwalimu amekagua, amepiga picha, alama zimepakiwa kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani. Baada ya hapo kigoda kinatupwa nyuma ya stoo. Sisi wazazi tumelalamika miaka yote kuhusu manila, gundi na rangi tunazoagizwa usiku saa mbili duka limefungwa, na ni haki yetu. Lakini wangapi wetu tumewahi kuona manila ile iliishia wapi? Mtoto asimame kando ya alichokitengeneza, amweleze babake ni nini na kilimshinda wapi. Mgeni wa heshima, kama ni lazima awepo, apite meza kwa meza aulize maswali. Mwanasiasa akimuuliza mtoto kwa nini mbolea yake ya mboji ilinuka, atakuwa amefanya kazi ya maana kuliko hotuba.

Halafu ningewaita waliotoka mwaka uliotangulia. Hili nalishikilia kuliko yote. Kundi la kwanza lilichagua kati ya njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, pamoja na shule 12 kwenye mtandao, huku sisi tulio wazazi tukiulizana kwenye grupu maana yake nini. Kuna watoto waliochaguliwa njia na shule na binamu mwenye simu nzuri. Sasa wako Gredi ya Kumi; wanajua ni masomo gani yaliyoahidiwa kwenye karatasi na hayana mwalimu, wanajua bweni ni nini, wanajua nani alibadilisha njia na kwa nini. Wape kipaza sauti nusu saa, na mwalimu mkuu asikae karibu sana. Mzazi atatoka na jambo la kumsaidia mwanawe, jambo ambalo hotuba ya mtu wa ofisi ya elimu haijawahi kumpa.

Gredi ya Tisa wawakabidhi Gredi ya Nane bustani, kuku kama wapo, funguo za kabati la ngoma. Kila anayeondoka asomwe jina na jambo moja alilofanya, limeandikwa na mwalimu wake wa JSS na limesomwa na mwalimu huyo huyo. Itachukua muda, ndiyo. Tukiondoa hotuba nne, muda upo.

Chakula wapike kina mama wa shule kwa masufuria ya shule, na watoto wale kwanza.

Kuhusu siku yenyewe ya mwisho, baada ya karatasi ya mwisho, niseme kidogo. Watoto huandikiana kwenye mashati, na kuna walimu wanaowakimbiza na kiboko kwa sababu hiyo. Mimi sina shida na shati. Limeshakuwa fupi, na mdogo wake hatalitaka. Kumwagiana maji, sawa. Unga, hapana. Unga ni bei.

Hesabu ya pesa ni rahisi. Darasa la watoto 40 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 60,000. Hazijengi maabara. Lakini katika shule ambayo watoto wanajifunza hadubini kwa kuichora ubaoni, 60,000 za joho zinazorudishwa dukani jioni ile ile si pesa ndogo. Anayeweza achange anachoweza, na orodha ikae kwa mweka hazina, isitundikwe.

Niliposema haya mbele ya wazazi wachache, mama mmoja alinijibu jibu ambalo bado linanisumbua. Alisema: "Wewe umesoma, joho umelivaa. Mimi niliachia darasa la sita. Niache nimuone mwanangu nalo, maana sijui kama huko mbele nitamlipia." Sikumbishia, na mpaka leo sioni namna ya kumshinda kwa hoja. Ninachosema ni kwamba alichotaka si nailoni ya kukodi. Alitaka watu waone kwamba amemfikisha mwanawe. Huku kwetu tuna njia za kuonyesha hilo: leso mpya ya mama inatandazwa mabegani mwa mtoto, anavishwa maua shingoni, vigelegele vinapigwa, shangazi anacheza hata ngoma ikiwa haijaanza. Yote hayo hufanyika tayari kwenye sherehe zetu, ila hufanyika mwishoni, haraka haraka, wakati wenye hema wameanza kupakua viti kwenye lori. Ningeyaleta mbele, yawe ndiyo sherehe. Mama aitwe jina pamoja na mtoto, watembee wote wawili, na mpiga picha awapige wakiwa na kile kigoda.

Mahali pa kuyazungumza haya ni mkutano wa wazazi wa muhula wa pili, ana kwa ana, na wale wasiojibu salamu kwenye grupu waje pia. Tukingoja Septemba, mweka hazina atakuwa ameshalipa arbuni ya joho.