TV Nyuma ya Siti, Makelele Pale Pale

Kisiwa chote cha Unguja urefu wake haufiki kilomita 90. Mjini mpaka Nungwi hata 60 hazitimii. Katuni ya saa moja na nusu ukiiwasha Darajani, mnafika pwani haijaisha, na hakuna mtoto anayekubali kushuka mpaka aone mwisho wake. Na bado, sikukuu ikinukia tu, kila mwenye Noah anataka TV mbili nyuma ya siti. Pale msitu wa Jozani kima punju wanavuka barabara na mikia yao, bure, watoto wameinamia katuni ya nyani. Khaa!

Haya, tieni. Mama watoto akishasema, nani wa kushindana naye? Lakini bwana wee, tieni kwa akili.

Kuna wanaoagiza mto mzima wa siti wenye skrini ndani yake, bila kupima chochote. Mzigo unafika, vyuma viwili vya mto havingii kwenye matundu ya siti. Hapo fundi atakwambia, "Hivi tunavikunja kidogo tu, mzee." Usimwachie. Chuma kilichokunjwa hakikamati meno, na ule mto kazi yake ya kwanza ni shingo yako siku ukigongwa nyuma, katuni baadaye. Kabla ya kuagiza, pima kutoka katikati ya chuma kimoja mpaka katikati ya kingine, na unene wa chuma, ambao huwa baina ya milimita 10 na 14. Huna rula? Nunua zile za kubana kwenye vyuma, kisha ukazie skrubu zake sawasawa, maana matuta yetu yanafungua hata nati iliyoapa.

Sasa umeme, na hapa ndipo tunapotolewa roho. Waya mwekundu wa skrini unataka umeme unaokuja ukizungusha ufunguo na kukatika ukiuchomoa. Fundi mvivu anaupachika kwenye waya wenye moto saa zote, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Skrini ya inchi 10 inakula kama ampea 1; mbili, ampea 2. Zikisahauliwa zinawaka toka magharibi mpaka alfajiri, betri imeshatoa kama ampea-saa 20 (ampea 2 kwa saa kumi), na betri ya gari hizi ikiwa mpya huwa na 36 au hapo karibu. Yako si mpya. Asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia tik-tik-tik, na jirani mwenye nyaya za kushtulia betri ndiyo kwanza kaondoka.

Njia yenyewe si ngumu. Kwenye sanduku la fyuzi tafuta fyuzi ya tundu la sigara, uichomoe, uweke kile kishikio chenye nafasi mbili: fyuzi ya zamani irudi mahali pake, na juu yake fyuzi mpya ya ampea 5 kwa ajili ya skrini. Waya wa milimita 1 za mraba unatosha. Upitishe chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango, kama mita 3 kwa kila siti, na chini ya siti uache sentimita 30 zilizolegea, maana siti inakwenda mbele na nyuma. Usipoacha, siku shemeji mrefu akivuta siti nyuma, waya unang'oka na TV inazima, na lawama ni zako.

Na humo chini ya siti ukiona soketi ya njano, mikono mbali! Hiyo ni ya mfuko wa hewa au ya mkanda. Kama lazima uisogeze, toa kwanza hasi ya betri, na vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa. Sekunde 90 tu. Fundi anayeweza kusubiri kahawa nusu saa, hizo zinamshinda.

Kuunga waya nako! Wanasokota ncha mbili, wanazungusha tepu, basi. Gari ikikaa juani vioo juu, gundi ya tepu inakuwa asali, tepu inafunguka, na hewa ya chumvi inakula shaba mpaka inageuka kijani. Lehemu, halafu uvalishe ule mpira unaonywea kwa moto. Waya mweusi ufungwe kwenye bodi, rangi ikwanguliwe, na skrini zote mbili na redio zifungwe sehemu moja. Kila kimoja kikifungwa pake, utasikia mlio wa mbu kwenye katuni, ukikanyaga mafuta nao unapanda.

Redio ya Kijapani iliyokuja na gari ni msiba mwengine. FM yake kawaida inaishia 90, stesheni za juu ya hapo huzipati, maandishi yote ya Kijapani, na DVD yake ni ya kanda namba 2, maana dunia imegawanywa kanda kwa ajili ya diski, wakati sisi tuko namba 5, kwa hiyo ukinunua diski halali, inaitema. Picha ikija nyeusi na nyeupe, usimtukane aliyekuuzia skrini. Nenda kwenye mipangilio, badilisha baina ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi za picha. Mie nasema achana na diski, matuta yatazirusha tu. Tumia flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, faili moja lisizidi GB 4, na katuni ziwe faili za MP4 zilizobanwa kwa H.264. Ukiweka za H.265, skrini nyingi za bei rahisi zinakupa sauti na giza.

Hedfoni zisizo na waya, zile za mwanga usioonekana, zinataka kuiona skrini. Bibi akikaa katikati na buibui lake, upande mmoja haupati kitu, na kumwambia bibi asogee hakuna mwenye ubavu huo. Chukua za waya, za bei ndogo, ununue na za akiba.

Lililobaki ni la tumbo. Mtoto anayetazama chini huku gari inakata kona atatapika, kwa sababu macho yanamwambia katulia na sikio la ndani linamwambia anakwenda. Skrini ikiwa juu, usawa wa macho yake, inasaidia kidogo. Kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani tia ndoo ndogo yenye kifuniko, na mfuko wa plastiki usihangaike kuutafuta: Zanzibar umepigwa marufuku tangu 2006.